Muuza Bati wa Kisesa na Hesabu za Paa

Tuulizwapo darasani tunataka kufanya kazi gani baada ya masomo, majibu yetu hufanana. Mmoja atasema udaktari, wa pili uhandisi, wa tatu uwakili, na wa nne urubani. Sijapata kumsikia mwanafunzi akisimama na kusema, “Mimi nataka kuuza bati.” Hata hivyo karibu sote hulala chini ya bati, nyumbani na hapa bwenini, na kwa wazazi wetu wengi paa la nyumba ni katika vitu vya gharama kubwa kabisa watakavyonunua maishani mwao. Basi yatupasa kumjua mtu auzaye kitu hicho: anafanya nini, anajua nini, na sisi tujue nini kabla ya kufika mbele ya meza yake.

Mjomba wangu mmoja ana duka la bati Kisesa, katika Wilaya ya Magu, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Likizo ya mwezi wa sita nilishinda dukani kwake nikimsaidia kuhesabu na kupakia. Niliyoandika hapa ni yale niliyoyaona na kuyauliza huko, pamoja na yale tuliyofundishwa katika Hesabu, Fizikia na Kemia. Nia yangu ni kuonyesha jambo moja: ya kwamba muuza bati mwema huuza hesabu ya kweli kwanza, ndipo akauza bati, na mnunuzi asiyejua hesabu hiyo yu mikononi mwa kila amkutaye njiani.

Kutoka nyasi hadi bati

Zamani Wasukuma walijenga nyumba za duara, yaani msonge, wakaziezeka kwa nyasi. Mtu atakaye kuziona asiende mbali. Bujora, jirani na Kisesa, yako makumbusho ya Wasukuma ambayo asili yake ni kazi ya Padre David Clement katika miaka ya 1950, na huko mgeni huonyeshwa makazi ya jadi. Tusizidharau nyasi. Nyumba ya nyasi huwa na ubaridi mchana, na mvua inyeshapo watu husikilizana. Lakini nyasi zataka paa la mteremko mkali ili maji yashuke upesi. Tena huoza, huliwa na mchwa, na cheche moja ya moto yatosha kumaliza yote.

Bati lina historia yake. Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari huko London, alipewa hataza ya mabamba ya chuma yaliyokunjwa migongo. Faida ya migongo hiyo unaweza kuijaribu sasa hivi. Chukua karatasi ya daftari, iweke bapa juu ya vikombe viwili vilivyoachana, kisha weka kalamu juu yake, karatasi itapinda. Ikunje migongo midogo midogo kama pepeo, uirudishe pale pale, nayo itabeba kalamu kadhaa. Karatasi ni ile ile; kilichobadilika ni umbo lake. Ndiyo sababu bamba jembamba la chuma laweza kufunika nyumba nzima.

Mabati ya kwanza yalikuwa na adui mmoja, kutu. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kufunika chuma kwa zinki. Waliosoma Kemia watakumbuka ya kuwa zinki ni nyepesi kuingia katika mmenyuko kuliko chuma. Kwa hiyo hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huliwa kwanza, na chuma huokoka kwa muda. Zinki ni kama mlinzi apigwaye badala ya mwenye nyumba. Lakini mlinzi naye huchoka. Zinki ikiisha, kutu huanza.

Huku ziwani vitu vizito vilipata njia baada ya reli ya kutoka Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901, ambako meli zilipokea mizigo. Kisha reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Fedha za pamba ndizo zilizowapa wakulima wengi wa Usukuma uwezo wa kuacha nyasi. Mwaka 1960 kampuni ya ALAF ilianzishwa Dar es Salaam, na leo viwanda vya bati nchini ni vingi.

Unene ambao jicho halioni

Ukiingia dukani kwa mjomba utaona mabati ya namna nyingi. Yako ya zinki tupu, yenye rangi ya fedha. Yako yaliyopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki. Katika aina ijulikanayo sana aluminiamu ni asilimia 55 ya uzani wa mpako huo. Yako ya rangi: nyekundu, kijani, buluu na kahawia. Kwa umbo, yako ya migongo midogo ya kawaida, yako ya migongo mipana ambayo watu huyaita msauzi, na yako yaliyopigwa mfano wa vigae. Wateja wengi huanza kwa kuuliza rangi. Mjomba huwajibu kwa upole, kisha huwauliza yeye swali: “Unataka unene gani?” Hapo wengi hunyamaza.

Unene wa bati hutajwa kwa geji, na hesabu ya geji huenda kinyume: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Kwa kipimo cha kale cha Waingereza, geji 28 ni karibu milimita 0.40, geji 30 ni karibu milimita 0.31, na geji 32 ni karibu milimita 0.25. Mtu asiyejua hudhani geji 32 ni bora kuliko geji 28 kwa kuwa 32 ni zaidi ya 28. Tena vipimo vya geji si vya namna moja duniani. Geji ya mfumo huu haiwi sawa kabisa na geji ya mfumo ule. Kwa sababu hiyo mjomba husema uliza milimita, maana milimita haina ubishi.

Sasa tazameni hatari ilipo. Tofauti kati ya bati la milimita 0.30 na la milimita 0.25 ni milimita 0.05, yaani kama unywele mwembamba. Jicho haliwezi kuiona, na kidole hakiwezi kuiamua kwa hakika. Muuzaji asiye mwaminifu aweza kuuza la pili kwa bei ya la kwanza, na mnunuzi akaenda zake akiimba. Atakuja kujua miaka mingi baadaye, wakati fundi akanyagapo bati likabonyea, au upepo ulichanapo kwenye misumari.

Lakini liko jambo la kutufurahisha sisi wanafunzi: chombo cha kuumbua udanganyifu huu kimo katika maabara zetu. Ni maikromita, ile ile tuliyopimia waya na vipande vya bamba, ambayo husoma hadi milimita 0.01. Mjomba anayo moja katika droo yake. Mteja akiwa na shaka humpa aishike mwenyewe, abane ukingo wa bati na asome. Kwa bati la rangi huongeza neno, ya kuwa rangi nayo ina unene wake, hivyo yafaa kuuliza kama milimita zilizotajwa ni za bamba tupu au ni pamoja na rangi.

Asiye na maikromita atumie mizani. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu kilo 7,850. Tuseme bamba kabla ya kukunjwa lilikuwa na urefu wa mita 3 na upana wa mita 1. Likiwa na unene wa milimita 0.30, yaani mita 0.0003, uzito wake ni 3 × 1 × 0.0003 × 7,850, ambao ni karibu kilo 7.1. Likiwa na milimita 0.25, uzito ni karibu kilo 5.9. Kwa hiyo kila bati limepungua zaidi ya kilo moja. Pima mabati kumi kwa pamoja, na upungufu utakuwa kilo 12 hivi. Unywele hauonekani, lakini kilo 12 zaonekana.

Serikali nayo imeweka walinzi. Shirika la Viwango Tanzania, lenye asili yake katika sheria ya mwaka 1975, huweka na kusimamia viwango vya bidhaa, na Wakala wa Vipimo husimamia mizani na vipimo vya biashara. Lakini mlinzi wa karibu kuliko wote ni mnunuzi mwenyewe ajuaye kupima, na adaiye risiti iliyoandikwa aina, unene, urefu na idadi.

Hesabu ya mama mmoja

Siku moja alikuja mama mtu mzima, mjane, aliyekwisha kuuza mpunga wake. Alitaka kuezeka kabla ya mvua za mwezi wa kumi. Mkononi alikuwa na kikaratasi kilichoandikwa na fundi: “Bati 80 za mita 3.” Fedha zake zilitosha bati 80 zile nyembamba kabisa, wala hazikuzidi.

Mjomba alimkaribisha kiti, wakasalimiana, kisha akasema, “Mayu, kikaratasi hiki kinanipa idadi. Mimi naomba vipimo vya nyumba.”

Mama akajibu, “Mwanangu, vipimo anavijua fundi. Mimi najua fedha zangu tu.”

“Basi tumpigie mwanao aliye nyumbani apime kwa futikamba, tungoje.”

Tulingoja. Vipimo vikaja: nyumba ina urefu wa mita 10.8 na upana wa mita 8.4, paa ni la pande mbili, penu zatokeza mita 0.6 kila upande. Na kutoka usawa wa ukingo wa upenu hadi kileleni ni mita 2. Mjomba akanisukumia daftari, akasema, “Mpwa wangu, wewe ndiwe unayekula ada ya shule. Tuonyeshe.”

Hesabu ni hii. Nusu ya upana ni mita 4.2, ongeza upenu mita 0.6, yawa mita 4.8. Huo ndio mstari wa chini wa pembetatu yetu, na kimo chake ni mita 2. Kwa kanuni ya Pythagoras, 4.8 × 4.8 ni 23.04, na 2 × 2 ni 4, jumla 27.04, na kipeo chake cha pili ni 5.2. Kwa hiyo mteremko wa kila upande ni mita 5.2.

Urefu wa paa, pamoja na penu za pande mbili, ni mita 12. Bati lile, likishalaliana na jirani yake, hufunika sentimita 75. Gawa 12 kwa 0.75, wapata bati 16 kwa safu. Kwa kwenda juu, bati moja la mita 3 na moja la mita 2.5 hufanya mita 5.5, toa sentimita 15 za kulaliana, zabaki mita 5.35. Hizo zatosha mita 5.2 za mteremko na kutokeza kidogo ukingoni. Basi kila upande wataka bati 16 za mita 3 na 16 za mita 2.5. Pande mbili zataka 32 na 32.

Bati 80 za mita 3 ni mita 240. Bati zetu zote ni mita 176. Tofauti ni mita 64 za bati ambazo mama yule angelipia bure. Mjomba alimpigia hesabu upya, naye kwa fedha zile zile akapata bati nene zaidi, na kofia za kileleni ambazo kikaratasi hakikuzitaja. Kofia nazo zina hesabu: zikiwa za mita 2 na kulaliana sentimita 15, paa la mita 12 lataka kofia 7, si 6.

Sitaki kusema kwamba fundi yule alikuwa mwizi. Mafundi wengi huzidisha kwa woga, kwa maana bati zikipungua lawama ni zao. Wako vilevile wazidishao kwa kuwa wameahidiwa cha juu na muuzaji kwa kila bati. Mjomba hatoi cha juu, na halipendi jambo hilo. Matokeo yake fundi yule aliwapeleka wateja wake duka jingine kwa muda wote niliokuwa huko. Nilimwuliza mjomba kama hasara hiyo haimwumi. Alisema, “Yaniuma. Lakini yule mama ana majirani, na kila siku wataliona paa lake.”

Iko pia hatari ya upande wa pili, nayo ni kuhesabu pungufu. Mtu aweza kuchukua eneo la sakafu, mita 10.8 kwa 8.4, yaani mita za mraba 90.72, akaligawa kwa upana mzima wa bati. Bati la mita 3 lenye upana wa sentimita 90 lina mita za mraba 2.7, hivyo atapata bati 34 tu za mita 3. Amesahau mteremko, amesahau penu, na amesahau kulaliana. Huyo atafika katikati ya paa bati zimekwisha, na huenda akirudi dukani akakuta bei imepanda au rangi ile haipo.

Mashauri ya muuza bati

Mteja akisha kulipa, mjomba hamwachi aende hivi hivi. Humpa maneno machache, nami niliyaandika yote.

Kwanza, bati zisilazwe nje zikiwa zimepandana na kulowa. Maji yakibanwa katikati hufanya ukungu mweupe unaokula zinki kabla bati halijapanda juu. Ziinuliwe kutoka ardhini na zifunikwe.

Pili, udongo wa saruji na chokaa mbichi vikirukia bati vioshwe upesi, kwani hula zinki na aluminiamu pia.

Tatu, kwa bati la migongo ya kawaida, msumari upigwe juu ya mgongo na si katika mfereji, kwa sababu maji hupita mferejini. Tena msumari uwe na mpira wake. Usipigwe mpaka ukapondea mgongo.

Nne, kuezeka kuanze chini, kwenye upenu, kuelekea juu, ili bati la juu lilale juu ya lile la chini. Kwa upande, waanzie kule ambako upepo mkali hautoki, ili mdomo wa maungio uupe upepo kisogo.

Tano, bati haliwi imara kuliko mbao zake. Dhoruba za huku ziwani huja na upepo wa ghafula, na upepo uingiapo chini ya upenu husukuma paa kwenda juu. Kenchi zifungwe barabara kwenye ukuta, na papi zifungwe barabara kwenye kenchi. Nyumba nyingi ambazo watu husema bati zimeng'oka, ukitazama vema utaona zimeng'oka pamoja na papi.

Sita, mwenye nyumba asisahau mifereji ya maji. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mama yule, likitazamwa kutoka juu, lina mita 12 kwa 9.6, yaani mita za mraba 115.2. Hapa hatutumii mteremko, kwa sababu mvua hupimwa kwa ardhi iliyofunikwa. Mahali penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 115,200, ambazo ni ndoo 5,760 za lita 20. Hata robo yake ikipotea, hizo ni safari ngapi za kisimani ambazo dada zetu wangepumzishwa?

Maisha yake nje ya duka

Msidhani muuza bati huuza sawasawa mwaka mzima. Mvua zikianza na watu wakiwa mashambani, duka huwa kimya, na mjomba hushika jembe kama wenzake. Ana majaruba ya mpunga na shamba la viazi. Mavuno yakiuzwa, kuanzia mwezi wa sita, duka hujaa. Wako walipao mara moja. Walio wengi hudunduliza: leo bati mbili, mwezi ujao tatu, na jina la kila mmoja huandikwa katika daftari pamoja na unene na aina aliyoichagua. Daftari hilo hufungiwa kabatini kila jioni. Ndani yake mna akiba za watu waliomwamini, na mjomba husema likipotea ni afadhali moto uunguze duka.

Taabu ni kwamba miezi ile ile ya fedha ndiyo miezi ya ngoma. Kama mjuavyo, Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma vishindanavyo, Bagika na Bagalu, na sikukuu ya Bulabo hufanyika Bujora karibu na sikukuu ya Ekaristi, aghalabu mwezi wa sita. Mjomba hupiga ngoma katika bugobogobo, ngoma ya majembe. Shangazi, mkewe, humtania ya kwamba mwezi wa sita ana waume wawili, mmoja wa bati na mmoja wa ngoma, na wote wawili hawaonekani nyumbani. Mwaka huu alifunga duka siku mbili nzima. Nilipomkumbusha wateja, alinijibu kwamba wateja wenyewe wako uwanjani.

Ni kweli, walikuwako. Hata msibani na baada ya ibada watu humvuta kando: “Hivi, lile la buluu ni geji ngapi?” Hujibu kwa kifupi na kuwaambia waje dukani kesho. Lakini dhoruba ikipita usiku, asubuhi huchukua ngazi na kuzunguka kwa wateja wake wa jirani kutazama misumari, wala hadai malipo. Nilidhani ni ukarimu tu. Yeye alisema ni ukarimu na masomo pia, kwa kuwa paa lililopigwa na upepo humfundisha la kumwambia mteja ajaye.

Kazi hii ina maumivu yake. Bati hukata mikono, migongo huuma kwa kubeba, na kelele za kupakia huchosha masikio. Tena iko huzuni ya kumwona mtu akichagua bati jembamba kwa sababu fedha hazina njia nyingine. Mjomba hamdharau mtu wa namna hiyo wala hamshurutishi. Humwambia ukweli wa unene, kisha humshauri aweke papi karibu karibu, asikanyage ovyo juu yake, na asiache majani yakaoza juu ya paa. Mnyonge naye apewe bati lake kwa kipimo cha kweli.

Tujifunze nini

Kwa wazazi wetu wasomao gazeti hili, ombi langu ni dogo. Msinunue bati kwa idadi iliyoandikwa na mtu mwingine. Pimeni nyumba: urefu, upana, penu na kimo cha paa. Ulizeni milimita. Dai risiti. Kama hesabu ina mizizi na vipeo vinavyowachosha, mnaye mwanafunzi nyumbani. Mpeni kazi hiyo, nanyi mtajua kama ada yenu imefika mahali pake.

Kwa wanafunzi wenzangu nasema hivi. Mara nyingi tumenung'unika kwamba Pythagoras na maikromita ni mambo ya mitihani tu. Mimi nimeona mama mmoja akibakiziwa mita 64 za bati kwa Pythagoras, na nimeona mteja mwenye shaka akiondoka na amani kwa maikromita. Elimu hiyo tunayo sisi tuliokaa darasani, na wengi waliotupeleka shule hawakuipata. Kuwapimia paa ni sehemu ya deni letu kwao.

Mwisho, kwa atakaye kujijaribu, hili hapa zoezi. Nyumba ina paa la pande mbili. Upana wa paa, pamoja na penu, ni mita 8, na kimo chake kutoka usawa wa upenu ni mita 3. Urefu wa paa, pamoja na penu, ni mita 15. Bati hufunika sentimita 75, nazo ni za mita 3 na mita 2.5, zikilaliana sentimita 15. Zatakiwa bati ngapi za kila aina, na paa litapokea lita ngapi kwa mvua ya milimita 20? Ukipata bati 40 na 40, na lita 2,400, waweza kwenda Kisesa bila kuogopa meza ya muuza bati yeyote.